Fajita za Kumpokea Wifi

Msichana aliyetupikia kwa miaka mingi aliomba ruhusa aende Sondu kumzika nyanya yake. Alifunga begi kubwa kuliko matanga yenyewe, na mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua hesabu za watu na kutafuta kisicholingana, sikuona chochote. Siku aliyoahidi kurudi ikapita. Baadaye akapiga simu, sauti imejaa furaha, kunijulisha kwamba ameolewa huko huko. Nikampongeza, nikamtakia watoto. Kisha nikakata simu, nikaingia jikoni, nikasimama katikati kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe na sasa anapapasa ukutani kutafuta swichi ya taa.

Sikujua mchele unakaa wapi.

Watu wa Kisumu wakisikia kwamba kwetu ni Vihiga, huamini papo hapo kwamba nilizaliwa na mwiko mkononi na kuku kwapani. Ukweli ni kwamba nilikuwa kitinda mimba. Dada zangu walipika, mimi nikala. Kutoka hapo nikaenda shule ya bweni, ambako chakula kilitoka dirishani, kisha chuoni, ambako kilitoka dirisha jingine. Nilipoolewa, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alinitafutia msichana wa kazi kutoka Sondu, nami nikampokea kama wana wa Israeli walivyopokea mana. Mume wangu naye ni mtu mwema, anayeamini usawa katika ndoa ilimradi usawa huo usimfikishe kwenye meko.

Basi tukawa tunakula hotelini. Nikisema hoteli nasema kile kibanda cha mabati kilicho karibu na nyumba yetu hapa Nyamasaria, benchi mbili na sufuria tano. Mwenye hoteli alianza kwa kutuita wateja. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anatukemea tukichelewa.

Hapo ndipo wifi akapiga simu kutoka Katito. Magoti yalikuwa yanamsumbua, Jumatatu alikuwa na daktari mjini, kwa hiyo angekuja Jumamosi apumzike kwetu.

"Nitakula chochote," akasema. "Msijisumbue."

Kila mwanamke aliyeolewa anajua maneno hayo yana maana gani.

Wifi ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki. Ana duka la nafaka sokoni Katito, sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na neno lake katika ukoo ule halina rufaa. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Alichokuwa akifanya ni hiki: akifika, anaingia jikoni, anafunua sufuria, ananusa, anafunika. Basi. Kifuniko kikirudi mahali pake kilitoa mlio mdogo, tik, na ndani ya ile tik nilisikia hotuba nzima. Ingawa aliyepika si mimi, ile tik nilijua ni yangu.

Nikakaa kufikiri kama mkaguzi. Nikimpikia samaki, nitakuwa nimempikia mtu aliyenyonya maziwa ya mama na mchuzi wa ngege kwa zamu. Nikimpikia kuku, nimeitia aibu Vihiga nzima. Wali, ndengu, sukuma wiki, vyote hivyo vina kipimo, na wifi ndiye mwenye kipimo. Nilichohitaji ni chakula ambacho hajawahi kukiona, wala mama yake hakukiona, wala hakuna mtu Katito anayeweza kusimama na kusema hakipikwi hivyo. Chakula kisicho na ushahidi.

Nikakipata kwenye simu. Mwanamke fulani wa ng'ambo, mwenye meno mengi meupe na jiko lenye dirisha linaloangalia maua, alikuwa anafundisha fajita kwa watu wanaoanza kupika. Alisema "rahisi" kila baada ya sentensi, kama mchungaji anavyodai amina. Nyama inakatwa nyembamba, inakaangwa na vitunguu na pilipili hoho za rangi, inaviringishwa ndani ya chapati nyembamba, unaweka parachichi lililopondwa, unaweka maziwa mazito, unauma, unafumba macho. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa.

"Hii unaisoma fa-ji-ta?" mume wangu akauliza, akichungulia begani kwangu.

"Fahita."

"Mtu angeniambia alilazwa hospitalini kwa fahita, ningemwamini," akasema, akarudi kwenye kochi.

Ijumaa jioni nikaenda buchani. Nikaomba nyama ya steki, ikatwe nyembamba na ndefu.

"Nyembamba aje?" muuza nyama akauliza.

"Kama kidole cha mtoto."

"Mama, hiyo itapotea kwa sufuria. Ama unapikia mgonjwa?"

"Napikia wifi."

Akaweka kisu chini. Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Mama, wifi anawekewa mfupa. Ukimpea nyama haina mfupa, akirudi kwao atasema amekula nini?"

Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaunga mkono hoja. "Na supu itatoka wapi?" akauliza, si mimi, bali watu wote waliokuwepo. Ukawa mjadala. Nilipotoka pale nilikuwa na vipande vya heshima, kila kimoja sawa na ngumi, na mfupa mmoja wa bure ambao muuza nyama mwenyewe aliutia kwenye mfuko wangu ili dhamiri yake itulie.

Hoho za kijani nilizipata kwa mama mboga. Nyekundu na za manjano ilibidi niende supamaketi mjini, ambako zilikuwa zimelazwa moja moja kwenye vitanda vyeupe na kufunikwa nailoni, kama wagonjwa wa wodi ya kulipia. Jira, ile bizari nyembamba ambayo mapishi yalidai, niliinunua duka la viungo. Muuzaji aliuliza kama ni ya pilau. Nikasema hapana. Ni ya chai? Nikasema ni ya fajita. Akanifungia bila kuuliza lingine, kama anavyofungiwa mtu anayenunua dawa ya panya akiwa na macho mekundu.

Jumamosi asubuhi nikaanza na zile chapati nyembamba. Yule mwanamke wa meno alisema unga, chumvi, mafuta na maji ya vuguvugu. Hakusema maji yakizidi unafanya nini. Mimi niliongeza unga. Unga ukazidi, nikaongeza maji. Tukaendelea hivyo, mimi na lile beseni, mpaka pakiti ikaisha na nilikuwa na donge la kutosha kuziba ufa wa ukuta. Nikasukuma. Ya kwanza ilitoka na umbo la kaunti ya Homa Bay, pamoja na visiwa vyake. Ya pili ilikuwa na mdomo. Nilizichoma kwenye kikaango zikawa ngumu, zikigongana zinalia kama vigae.

Mume wangu akaja kama mshauri. Aliinua ya kwanza, akaitazama upande huu na upande ule.

"Mbona zina pembe?"

"Nenda uninunulie chapati," nikasema.

"Lakini wewe ulisema unapika—"

"Nenda."

Akaenda. Akarudi na chapati za yule mama wa hotelini, zimefungwa kwenye gazeti, bado moto. Nilizipanga kwenye sahani na kuzifunika kitambaa. Nikajiambia kwamba hata yule mwanamke wa video, angekuwa anaishi Nyamasaria, angefanya hivyo hivyo.

Nyama sasa. Nilikuwa nimeikata upya mpaka kiganja kikafanya lengelenge. Maelekezo yalisema kikaango kiwe moto sana. Kilikuwa moto sana. Nikamwaga nyama yote kwa pamoja, maana sikuona sababu ya kuipanga zamu, na ile nyama, badala ya kukaangika, ikatoa maji. Ikaendelea kutoa maji. Sijui ng'ombe yule alikuwa anayaweka wapi. Nilisimama hapo nikiangalia chakula cha ng'ambo kikigeuka mchuzi wa kawaida mbele ya macho yangu. Nikachuja maji, nikaongeza mafuta, nikarudisha nyama, na safari hii moshi ukapanda mpaka dari likapotea.

"Mama!" jirani akaita ng'ambo ya ua. "Kuko salama?"

"Napika!" nikajibu.

Kichwa chake kikachomoza juu ya ua. "Wewe?"

Hapo hapo pikipiki ikasimama langoni. Wifi alikuwa amekuja mapema, kama wanavyokuja watu wote wanaosema msijisumbue. Alikuwa ameketi kiupande nyuma ya dereva, mfuko wa viazi vitamu mapajani, na mkononi jogoo aliyefungwa miguu, akiangalia dunia kichwa chini bila kulalamika. Nikampokea, nikamshika mkono, nikampeleka sebuleni.

"Nyar Mwa," akasema. Ndivyo ananiita, binti wa watu wengine, kwa kuwa mimi si Mjaluo. Analitamka kwa mapenzi, lakini analitamka. "Kuna nini kinaungua?"

"Hakiungui, Wifi. Ndivyo inavyopikwa."

Hapo nilionja utamu wa mpango wangu. Angepinga vipi? Aliinuka taratibu, akisaidiwa na ukuta, akaingia jikoni. Nikamfuata. Akafunua sufuria ambamo nilikuwa nimehamishia nyama na hoho. Akainama. Akanusa. Nikasubiri ile tik.

Hakufunika. Aliweka kifuniko kando, akarudi kuketi, na sufuria ikabaki wazi. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kufundishwa hukumu hiyo ina maana gani.

Nikaandaa meza kama nilivyoona kwenye simu: nyama na hoho zake katika bakuli moja, parachichi lililopondwa katika bakuli la pili, maziwa ya mala yaliyokamuliwa ndimu katika la tatu, dhania na vitunguu vibichi kando, na chapati. Wifi aliangalia bakuli moja baada ya jingine.

"Sasa hii mtu anakula aje?"

"Unachukua chapati, Wifi, unajiwekea nyama, unajiwekea hiki na hiki, unaviringisha. Kila mtu anajitengenezea."

"Kila mtu anajitengenezea."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo nimetoka Katito na haya magoti nikuje nijipikie."

Mume wangu akakohoa ndani ya glasi ya maji. Wifi akafumba macho, akaomba. Alianza na safari, akapitia magoti, daktari, jogoo na watu wa nyumba hii. Alipofika kwenye chakula akafumbua jicho moja, akachungulia bakuli, akasema, "Na hiki, Bwana, wewe ndiye unajua ni nini. Kibariki." Tukasema amina.

Akachukua chapati ya juu, akaileta karibu na macho. "Hii imeandikwa."

Nikaangalia. Gazeti lilikuwa limeacha wino wake juu ya mafuta, safu nzima ya maneno, yote yakiwa yamegeuka nyuma mbele.

"Ni mambo ya mpira," wifi akaendelea, akigeuza shingo. "Lakini sioni nani alifunga." Akampa mume wangu. "Wewe soma, mimi macho imechoka."

Mume wangu, mtu ambaye angeweza kuniokoa kwa neno lolote, akaichukua na kuisoma kwa dhati. "Mbili kwa bila," akasema.

Akaviringisha yake wa kwanza, ili aoneshe njia. Alijaza kama anayefunga mzigo wa kupeleka nyumbani. Alipouma upande huu, mala ikatoka upande ule, ikashuka kwenye mkono, ikapinda kwenye kiwiko, ikadondoka kwenye suruali ya kanisani. Wifi aliyaona yote hayo, akaifungua chapati yake, akaikata vipande kama alivyokata chapati maisha yake yote, akachota nyama kwa kipande. Parachichi alilionja kwa ncha ya kidole.

"Kuna mtoto anaachishwa kunyonya hapa?"

Baada ya hapo akavuta bakuli karibu. Alikula. Akachota tena, akatafuta hoho nyekundu kwa makusudi, akatafuta nyingine. Bakuli likafika nusu. Nami nikakaa pale na chapati yangu ya mpira mkononi, sijauma, nikimwangalia kama mtahiniwa anavyomwangalia mwalimu akisahihisha karatasi yake mbele yake.

Akapangusa vidole. "Nyar Mwa, mboga yako ni tamu."

Nilihisi machozi.

"Sasa chakula kiko wapi?"

"Wifi?"

"Ugali. Mboga nimeona. Nyama iko, hoho iko. Mtu anakula hii na nini?"

Nikamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia suruali yake. Nikaanza kueleza kwamba chapati ndiyo chakula chenyewe, kwamba huko zinakotoka fajita hakuna ugali. Wifi akanisikiliza kwa uvumilivu, akisikitikia watu wa huko. Kisha akashika ukuta, akasimama.

"Kuja tusonge," akasema.

Jikoni akaketi kwenye kigoda, akaagiza. Maji, nikaweka. Yakachemka. Unga, nikatia. Akanipa mwiko. Sasa, mtu anaweza kujificha nyuma ya mapishi ya ng'ambo, lakini mwiko haufichiki. Nilikisukuma kile kitu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kikanirushia tone la moto shavuni, nikaruka.

"Yawa!" wifi akasema. "Nyar Mwa, unasonga ugali ama unapiga makasia?"

Akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akacheka akashika meza, akacheka mpaka mume wangu akaja mlangoni na akafukuzwa kwa ishara ya mkono. Mimi nilisimama na mwiko wangu nikiwaza jinsi habari itakavyofika Katito kabla yake.

"Nilijua," akasema mwishowe, akifuta macho kwa ncha ya leso.

"Ulijua nini, Wifi?"

"Yule msichana, nani alikuletea?"

"Wewe."

"Na simu yake ya kwanza, unafikiri nani alimnunulia?"

Nikasimamisha mwiko katikati ya sufuria.

"Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa ananipigia. Mimi najua mambo yote ya hii jikoni. Najua mpaka ile siku ulichoma chai."

"Chai haichomeki, Wifi."

"Yako ilichomeka."

Nikasonga mara mbili tatu. Kumbe ripoti yangu ilikuwa imewasilishwa kila wiki kwa miaka yote ile, na mimi bado nilikuwa najiandaa kwa ukaguzi. "Sasa kama ulijua," nikauliza, "zile siku zote ulikuwa unafunua sufuria kutafuta nini?"

"Nilikuwa naangalia yeye. Si mimi nilimfundisha? Alikuwa na mkono mbaya wa chumvi."

Nikageukia meko ili asiuone uso wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejihukumu kwa tik ambazo hazikuwa zangu. Nilifarijika, na pia nilikasirika kidogo, kama mtu aliyepiga magoti kanisani akagundua mchungaji anamwombea wa kiti cha nyuma. Wifi akaninyang'anya mwiko. Akasimama, magoti na yote, akausonga ule ugali kwa mikono miwili mpaka ukashikana na kung'aa. Tukarudi mezani. Nyama ile ya jira na hoho tukaila na ugali, na nitasema ukweli, ilikuwa tamu zaidi hivyo. Mala tukainywa kwenye vikombe.

Alikuwa aondoke Jumanne, akakaa hadi Ijumaa. Daktari alimwambia magoti yapumzike, naye aliyapumzisha kwenye kigoda changu cha jikoni, akiniagiza. Jogoo nilimpika mwenyewe. Hakuwa mlaini, lakini alilika, na Vihiga haikuharibikiwa sana.

Miezi michache baadaye alipiga simu. Kulikuwa na wageni wanakuja Katito, watu wa upande wa kijana anayetaka kumwoa binti yake, na mimi nilitakiwa kupika.

"Ile mboga ya hoho," akasema. "Nimeshawaambia watu."

Nilifika asubuhi nikakuta sufuria inayoweza kumwogesha mtu mzima, mafiga matatu, na wanawake wa ukoo wamekwisha kukata nyama. Ilikuwa na mifupa. Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha mabati, akiongoza. Nikaanza na vitunguu. Nikatia hoho. Nyuma yangu mtu akamwaga karai zima la nyanya.

"Wifi," nikasema, "fajita haiwekwi nyanya."

Wanawake wakaniangalia. Wifi akaniangalia.

"Nani alikuambia?"

"Ndivyo inavyopikwa. Ni nyama na hoho na vitunguu tu. Na inakaangwa, haiwekwi maji."

"Nyar Mwa," akasema kwa upole, mbele ya wote, "hiyo ni ile yako ya Nyamasaria. Hii ni fahita ya wageni. Ongeza maji."

Nikaongeza maji. Wageni walikula, wakarudia, wakaomba supu. Mama yake yule kijana, mwanamke mnene mwenye kofia nzuri, alikuja nyuma ya nyumba kuuliza mboga ile inatengenezwaje, maana hakuwa ameionja kwingine. Wifi akasogeza kiti cha pili, akamkalisha, akaanza kumweleza tangu mwanzo: unachagua nyama yenye mfupa, unachemsha mpaka iive, nyanya unaweka nyingi. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akirudia kila neno ili asisahau. Jira hawakuitaja kabisa. Mimi nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka kwao, beseni la vitunguu vya chakula cha jioni katikati ya magoti, nikimenya.